Kasong na Kasongo: Mama asiyeona aliyeandika hook bora kuzidi zangu zote

Wakuu, poleni na majukumu.

Hiki ninachoandika sikuhadithiwa. Nilikuwepo, kosa lilikuwa langu, na aliyelirekebisha anafanya kazi mji huu huu ninamoandikia. Majina ya watu nimeyabadilisha, ila tofauti ya herufi kati ya jina na jina nimeiacha kama ilivyokuwa, maana humo ndimo kisa kilimo.

Niko Kolwezi, Congo, upande wa Lualaba. Kiswahili chetu cha huku kina njia zake. Tunasema batu, tunasema bitu, na Kifaransa kinaingia bila kupiga hodi. Nitajitahidi kuandika cha wote, lakini watu wakiongea nitawaacha waongee walivyoongea. Mtanivumilia.

Kazi yangu ni kompyuta. Natengeneza zilizokufa, naunganisha network za ofisi ndogo ndogo, na nyingi nimezihamishia Linux kwa sababu ni nyepesi na mashine za huku ni kuukuu. Vumbi letu ni jekundu. Malori ya mgodi wa Mashamba yakipita wiki nzima, ukifungua kompyuta ya mtu unaweza kupanda mihogo humo ndani.

Sasa twende.

Kuna mama nitamwita Mama Ngalula. Asili yao ni Kasai. Babu yake aliletwa huku kwa kazi ya mgodi na ukoo haukurudi tena. Yeye alikuwa standardiste kwenye kampuni moja kubwa enzi zile, yaani yule mtu anayepokea simu zote zinazoingia na kuziunganisha ofisi moja moja. Miaka mingi alikaa kwenye kiti hicho na headphone kichwani.

Halafu presha ya macho ikamshika. Macho yakafifia polepole mpaka yakazima, na kazi ikaishia hapo.

Tunasali parokia moja. Ndivyo nilivyomjua, kama mama wa benchi la mbele anayekutambua kwa kikohozi kabla hujamsalimia.

Polikliniki moja ya hapa mjini ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi. Kupokea simu, kushika orodha ya wagonjwa wa siku, kuita majina na kumwambia kila mtu chumba chake. Mama Ngalula alikwenda mwenyewe kwa daktari mwenye polikliniki, akasema kazi hiyo anaiweza.

Daktari akamwambia kwa heshima kwamba orodha iko kwenye kompyuta.

Mama akajibu kwamba kompyuta siku hizi zinasoma kwa sauti, na parokiani kuna kijana anayejua mambo hayo.

Kijana huyo ni mimi. Nilikuwa sijaambiwa chochote.

Daktari akampa mwezi mmoja wa essai, wa kujaribiwa. Mi nikaweka programu ya kusoma skrini kwenye mashine ya mapokezi, nikachagua sauti ya Kiswahili, nikampa headphone. Kutumia keyboard halikuwa tatizo. Mama anaandika kwa vidole kumi, bila kosa. Alijifunza kwenye mashine za taipu wakati mi sijazaliwa.

Siku ya kwanza akanipigia simu kabla ya saa sita.

"Banza, hii mashine yako iko nasema majina ya batu kama muzungu mwenye alifika jana."

Nikaenda kusikiliza. Alisema kweli.

Sauti ile ilitengenezwa kwa Kiswahili cha vitabuni, ambacho karibu kila neno linaishia na vokali. Huku kwetu tuna majina ya kila namna. Tshilombo, ambalo sisi tunalisoma Chilombo, ikawa kitu kama Ti-silombo. Watu wa Sandoa, Walunda, wana majina yanayokatika mwishoni: Kabwit, Kapend, Muteb. Mashine iliyaongezea mkia, Kabwiti, Kapendi. Na Yav, jina la herufi tatu tu, ililitaja herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza.

Tata Yav, yaani Mzee Yav, siku hiyo alikaa kwenye benchi mpaka mchana. Kwa sikio lake hakuna aliyemwita. Mama alilitaja jina lake mara tatu kama mashine ilivyomsomea, na hakujua kwamba ni lake.

Hapo nikaelewa kwamba kazi ya Mama haitafika mwisho wa mwezi kama mashine haijajifunza majina ya hapa.

Niwaeleze kidogo wasio wa fani.

Programu ile ina kamusi yake ya matamshi. Ukitaka kubadilisha jina moja, unaandika mstari kwenye faili la kanuni, unaijenga kamusi upya, unaifunga kwenye package, yaani furushi lenye faili zote na maelekezo ya kuziweka mahali pake, halafu unaipeleka package kwenye mashine na kui-install.

Kwa jina moja. Kesho yake kuna jingine.

Wiki ya kwanza nilifanya yote kwa mkono. Naandika, najenga, naweka kwenye flash, napanda pikipiki mpaka polikliniki, na-install, Mama anasikiliza, ananiambia bado, narudi. Umeme ukikatika katikati, naanza upya. Siku moja nilikwenda mara nne kwa ajili ya Tshilombo peke yake.

Nikasema hapana, hii kazi lazima ijiendeshe.

Ndipo nikaingia kwenye hook. Hook ni script fupi unayoitundika kwenye tukio. Unaiambia kompyuta kwamba kila mara jambo fulani likitokea, kabla hujaendelea, fanya hiki. Haina akili. Inasubiri tu tukio lake.

Nikaandika tatu. Ya kwanza inaamka nikihifadhi faili la kanuni, inaangalia kama sijakosea uandishi. Ya pili inajenga kamusi na kuifunga kwenye package. Ya tatu inafanya test: inachukua majina niliyoongeza, inauliza kamusi mpya itayatamka vipi, inalinganisha na nilichotarajia. Test zikipita, inaisukuma package kwa mtandao mpaka mashine ya mapokezi, na ile ina-install yenyewe.

Siku ya kwanza kuitumia, Mama alipiga simu.

"Banza, kuko mama moja hapa, Tshiala. Mashine inamuita Tisala."

Simu nikaiweka sikioni na bega. Nikaandika mstari mmoja, nikahifadhi. Nikaziona hook zangu zikiamka moja baada ya nyingine kwenye skrini, mistari inapita, inapita, imekwisha.

Tulikuwa bado kwenye simu, hata hatujaanza mazungumzo mengine. Na kupitia simu ile ile, Mama akiwa ameisogezea headphone yake, nikaisikia mashine ya polikliniki ikisema, "Tshiala."

Sawasawa. Kama jirani yake.

 

"Imesema," Mama akasema.

"Imesema, mama."

Wakuu, nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kusikia kitu kama kile. Niliandika neno kwenye kibanda changu, na ng'ambo ya mji mashine ikafungua mdomo ikalisema, bila mkono wa mtu kuigusa.  Nilitoka nje nikasimama tu, natazama barabara.

Na hapo ndipo kiburi kiliponiingia.

Nikajiona fundi. Mama akanitumia majina ya Sandoa, mengi kwa mpigo, yale yanayokatika mwishoni, Kasong likiwemo. Nikaona nikiandika mstari mmoja mmoja nitazeeka. Nikaandika kanuni moja ya jumla: neno likiwa na herufi hizi, lisomwe hivi, bila mkia.

Kwenye kanuni ile nilisahau alama moja. Alama inayosema neno liwe limeishia hapo.

Kwa hiyo, kwa mfano, kanuni haikusema "neno ambalo ni Kasong". Ilisema "neno lolote linaloanza na Kasong".

Test zikapita zote, kijani tupu. Package ikaenda yenyewe.

Siku iliyofuata, asubuhi, kwenye benchi la polikliniki walikaa wazee wawili wasiojuana. Mmoja ni Tata Kasongo, wa hapa hapa mjini. Mwingine ni Tata Kasong, ametoka Sandoa, ana kidonda mguuni kinachofungwa upya.

Orodha ilianza na Kasongo, chumba cha sindano.

Mashine ikamwambia Mama: Kasong, chumba cha sindano.

Mama akaita, "Tata Kasong, chumba cha sindano."

Tata Kasongo hakuinuka, halikuwa jina lake. Tata Kasong akainuka, akatembea na mguu wake mpaka chumba kile, akakaa, akakunja shati.

Muuguzi alikuwa ameshaivuta dawa. Sindano iko mkononi. Kabla ya kumchoma akauliza, kama anavyouliza kila mtu, "Tata, hii dawa ulishaipataka?"

Mzee akasema, "Dawa gani? Mi nilikuya ju ya mukulu." Akaonyesha mguu.

Muuguzi akaiweka sindano chini. Akasoma fiche, ile karatasi ya mgonjwa iliyokuwa mbele yake: ilikuwa ya Kasongo. Kwenye fiche ya Tata Kasong mwenyewe, ambayo ilikuwa bado kwenye rundo, kulikuwa kumeandikwa kwa wino mwekundu kwamba dawa ya aina hiyo mwili wake unaikataa.

Niliitwa. Nilipofika, Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, headphone ameiweka mezani, mikono mapajani. Daktari alikuwa amesimama.

Sikilizeni, huyu daktari si mtu mbaya. Hakupiga kelele. Alisema taratibu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mi sijue mambo ya ma-package," akaniambia. "Mi najua mugonjwa alipelekwa ku sindano yenye haiko yake. Mama aliita vibaya."

"Docteur, hakuita vibaya. Aliita jina yenye mashine ilimuambia. Mashine ilidanganya, na mi njo nilifundisha mashine kudanganya."

Nikamweleza alama niliyoisahau. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nasikia," akasema. "Lakini kesho utasahau alama ingine. Mi nitajua namna gani?"



Akasema hawezi kuendelea hivi na maisha ya watu. Atatupa mpaka Jumamosi. Tukishindwa kumwonyesha kwa macho yake kwamba jambo lile haliwezi kurudi, essai imekwisha, na mapokezi atamweka mtu mwingine.

Kosa nilifanya mimi, kiti kinapotea cha Mama. Nilimsindikiza nyumbani siku ile na sikujua pa kuanzia. Nilikuwa nategemea anikaripie. Angekuwa na haki.

Alipokaa akaomba maji, akanywa, akaniuliza.

"Banza, nielezee. Kabla package itoke kwako ifike kwangu, inapita ku mulango gani?"

Nikamweleza hook zote tatu. Alisikiliza ameinamisha kichwa upande mmoja, nafikiri ndivyo alivyokuwa akisikiliza simu zake.

"Hii ya tatu, ya test. Inaangalia nini?"

"Majina nilioongeza, mama. Kama yote iko sawa."

"Na yale haukugusa?"

"Sikuyagusa, mama."

"Nasikia. Yale haukugusa, nani iko nayaangalia?"



"Hakuna mutu, mama."

"Kasongo haukumugusa," akasema. "Ni Kasong ulimugusa. Mwenye alivunjika ni mwenzake."

Ndugu zangu, nimesoma kozi, nimeangalia video, nimekaa na mainjinia waliotoka vyuo vikubwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali lile. Package zangu zote za miaka yote nilikuwa nalinda kile ninachokibadilisha. Kile nisichokibadilisha nilikiacha kijilinde chenyewe.

Halafu akanieleza kazi yake ya zamani.

"Ku standard, simu ikiingia, hauungi tu. Unasikiliza kwanza line yenye unataka kuunga. Juu pengine kuko batu beko nasemezana. Ukitia simu yako pale, unavunja ya kwao, na bao hata hawakujua kama uko. Kwanza sikio, nyuma mukono."

Akaniambia anachotaka. Kabla package haijatoka, mashine ichukue majina yote ya wagonjwa waliowahi kuandikwa pale, yote, si yale mapya tu. Iyatamke kwa kamusi ya zamani, iyatamke kwa kamusi mpya. Kila jina ambalo sauti yake imebadilika, hata kidogo, imletee yeye masikioni: kwanza sauti ya zamani, kisha mpya. Asikilize. Akisema ndiyo, itoke. Akisema hapana, isitoke.

Nikamwambia, "Mama, hiyo ni kusimamisha automation. Nilitaka ikuwe yenyewe kabisa."

"Kazi yote ya mukono ibaki ya mashine," akasema. "Kujenga, kufunga, kubeba. Mi nataka paka kusikiliza tu."

Nikarudi kuandika. Nilidhani itanichukua wiki. Wakuu, ilikuwa mistari isiyozidi ishirini. Programu ile inaweza kukuandikia matamshi ya neno kama maandishi. Unaandika ya zamani kwenye faili moja, ya mpya kwenye faili jingine, unalinganisha. Kila kitu kilikuwa tayari ndani ya mashine. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza.

Kesho yake nikaijaribu kwake, kwenye laptop yangu, sebuleni. Nikairudisha kanuni yangu mbovu makusudi, ile ile iliyosahau alama. Nikahifadhi.

Hook ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu, test zangu, kijani tupu kama siku ile.

Halafu ya Mama ikaamka.

Nilitegemea isome jina moja, Kasongo, isimame.

Ikasoma Kasongo. Ikasoma Kabwita. Ikasoma Muteba. Kapenda. Ikaendelea. Zamani, mpya. Zamani, mpya. Kila mara jina zima, kisha jina lililokatwa mkia. Mama amekaa na headphone, ananyoosha kidole kimoja kwa kila jina, vidole vikaisha akaanza upya, vikaisha tena.

Yalikuwa majina arobaini na moja.

Kanuni yangu moja ilikuwa imevunja majina arobaini na moja ya watu wa mji huu, na sisi tulikuwa tumemjua Kasongo tu kwa sababu siku ile Kasong alikaa benchi moja naye. Wengine walikuwa wanasubiri siku yao.

Mama alivua headphone.  

"Banza," akasema, "ile muuguzi, Mungu amubariki kwa ile swali yake."

Jumamosi tukaenda kwa daktari. Nilikuwa nimejiandaa kumwelekeza kwa michoro. Hakutaka michoro.

"Kaa pembeni," akaniambia. Akakaa mwenyewe kwenye laptop, akaniomba nimwonyeshe faili la kanuni. Akaniambia nitoke nje ya chumba nikasimame na Mama kwenye korido. Akabadilisha kitu, hatukuona nini. Akahifadhi, akatuita.

Mama akavaa headphone. Daktari amekunja mikono, anamtazama usoni.

Mistari ikapita. Mama akasikiliza. Akarudisha nyuma kwa kidole, akasikiliza tena.

"Docteur, umegusa mutu mbili."

"Moja," daktari akasema.

"Ulitaka moja. Ulimugusa Mwamba, ukamufanya anaanza na sauti ya Bamba. Lakini kuko Mwambayi, na yeye aligeuka. Haukumuona."

Daktari akainama kwenye skrini, akasoma.  Mwambayi alikuwa mgonjwa wake mwenyewe, wa miaka.

"Ni kweli," akasema. "Sikumuwazia."

Mama akabonyeza hapana. Package ikakataa kutoka.

Daktari akainuka, akavuta kiti cha mapokezi, akakigeuza kimwelekee Mama, akamshika mkono akamwekea juu ya mgongo wa kiti. Hakusema zaidi ya, "Mama, kazi." Jumatatu Mama alikuwa kazini, na mwezi ulipoisha walisaini mkataba.

Ningeweza kuishia hapa, wakuu. Lakini kilichonifanya niandike uzi huu kilitokea baadaye.

Mama alianza kukusanya majina. Asubuhi, watu wakiwa bado wachache, alipita kwenye mabenchi akishika migongo ya viti, anamuuliza mmoja mmoja: "Sema jina yako vile mama yako alikuitaka." Watu wa Mutshatsha, watu wa Sandoa, Wakasai, wa kaskazini kama ukoo wangu. Anasikiliza, analirudia mpaka mwenyewe aseme "njo vile", ndivyo hivyo. Haandiki chochote. Jioni ananipigia na kunitajia majina thelathini kwa mpangilio wa mabenchi, bila kusita. Zamani alishika kichwani namba za ofisi zote za kampuni, kwa hiyo kwake hili ni jambo la kawaida. Kwangu si la kawaida hata leo.

Akaomba pia nimfundishe script. Nikamfundisha kidogo kidogo kwa simu, amri moja moja, mashine inamsomea, yeye anaandika.

Siku moja nikafungua folda ya hook, ambayo sasa Mama naye aliifikia kwa mtandao, kufanya usafi. Nikakuta faili ambalo sikuliandika. Jina lake "sikiliza".

Nikalifungua. Mistari kumi na moja. Maelezo yake ameyaandika kwa Kifaransa safi cha ofisini, na nukta mahali pake.

Nikalisoma mara ya kwanza sikuelewa linafanya nini. Nikalisoma tena.

Lilikuwa linaamka kila package mpya ikijengwa. Linachukua majina yote, linatafuta jozi ambazo matamshi yake yamekaribiana sana, tofauti ya sauti moja tu. Kasong na Kasongo. Kabwit na Kabwita. Linaziandika kwenye orodha, na orodha inaingia ndani ya package. Asubuhi, mashine ya mapokezi ikisoma orodha ya siku, inaangalia kama kuna jozi iliyoangukia siku moja. Ikiwepo, inamwambia kabla hajaita mtu yeyote.

Na yeye siku hiyo haiti jina tupu. Anaita jina na mahali alikotoka mtu.

Nikampigia.

"Mama, hii uliandika lini?"

"Kuko siku courant ya umeme ilikuwa muzuri."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilitaka kwanza kusikia kama iko nafanya."

Nikamuuliza wazo lilitoka wapi, maana matamshi tulishayarekebisha, tatizo nililiona limekwisha.

Akasema, "Banza, hata ukisema muzuri kabisa, Kasong na Kasongo beko karibu. Mutu muzee, sikio yake imechoka, ana homa, atainuka kwa jina ya mwenzake. Ile haiko kosa ya mashine. Haiko kosa ya mutu. Lakini atapata sindano."

Nilikata simu nikakaa. Mi nilikuwa nimerekebisha kosa langu, nikaridhika. Yeye hakuwa anafikiria kosa langu hata kidogo. Alikuwa anamfikiria mzee mwenye homa aliyekaa benchi la nyuma. Mistari kumi na moja, mkuu. Zangu zote tatu pamoja hazina mtu hata mmoja ndani yake.

Leo package haitoki bila yeye. Ufunguo wa kuisaini, ambao bila huo mashine ya mapokezi inaikataa package, anao yeye peke yake, na neno la siri liko kichwani mwake pamoja na namba za simu za kampuni ambayo haipo tena. Nikikosea, ananirudishia. Wiki iliyopita alinirudishia mara mbili. Mara moja nilibisha, nikasikiliza upya, alikuwa sahihi.

Nilichojifunza, kwa wale wanaojenga vitu kama mimi: kujiendesha kwa mashine ni jambo la ajabu na sitaki kurudi kwenye flash na pikipiki. Lakini ukiandika hook, usiulize tu kama ulichokigusa kimekaa sawa. Uliza pia habari za usivyovigusa. Halafu mtafute mtu ambaye maisha yake yanategemea kile unachojenga, mkae naye, mwache aulize maswali yake yanayoonekana mepesi.

Wenye uzoefu wa build na package, nawaomba mseme kitu: ni kitu gani kiliwahi kuharibika kwenu wakati mlichokuwa mnakigusa ni jirani yake? Na wasio wa fani, kama jina lako mashine hulikosea, liandike hapa na ueleze linavyosemwa kwenu.

Ila andikeni vizuri, msikate maneno. Comments zote Mama atazisikiliza mwenyewe.